Mzee Anatoli Malongo na Nguzo ya Mbavuni

Marehemu Mzee Anatoli Malongo alikuwa na kanuni moja ya kazi, na kila fundi aliyepita mikononi mwake aliikariri kabla hajakabidhiwa patasi: usitoe nguzo kabla mirunda ya kuegemeza haijabeba mzigo wake. Aliishika kanuni hiyo kwa miaka arobaini na mitano katika nyumba ya watu wengine. Aliivunja mara moja tu, nyumbani kwake.

Wengi mliofika hapa Keza leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mlimfahamu kwa ile nyumba ya watu wengine. Wasifu huu utaeleza habari za nyumba zote mbili. Kumsifu mtu kwa nusu ya maisha yake na kuifukia nusu ya pili pamoja na jeneza hakuwezi kuitwa heshima. Ni uongo unaosomwa kwa sauti ya upole.

Mzee Anatoli alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 hapa hapa Keza, Wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Bukuru na Mama Zita, wakulima wa kahawa na migomba. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya fito na udongo kama zote za jirani. Akiwa na miaka minane alikwisha kujua kusuka fito za ukuta, kukanda udongo kwa miguu na kuukandika pasipo kuacha ufa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto yule hakuwa akicheza na matope, alikuwa akiyaamrisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha akapelekwa chuo cha useremala cha misheni mwaka 1968. Huko waliambiwa kila mmoja atengeneze kigoda. Wenzake wakapiga misumari. Yeye akachonga ndimi na matundu, akapigilia vigingi vya mti, akaweka kigoda chake mbele ya mwalimu. Mwalimu akacheka, akamwita katekista mmoja mnene aliyekuwa akipita uani, akamwomba akae. Katekista akakaa. Akaambiwa ajitikise, akajitikisa. Vigoda vitatu vya misumari vilikuwa vimekwisha kuvunjika asubuhi ile chini ya mtu yule yule. Kile cha Anatoli hakikulia hata mara moja. Alihitimu mwaka 1970 akiwa wa kwanza darasani. Kwamba alikuwa fundi bora hakuna anayebisha hapa, wala familia haitabisha.

Mwaka 1974 aliajiriwa kutunza baa iliyoko Nyakahura, Wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara ya malori yaendayo mpaka wa Rusumo. Baa hiyo ilijengwa mwaka 1949 na Mwingereza aliyeitwa Bwana Krofti. Alikuja kutafuta dhahabu, dhahabu akapata kidogo, kiu akapata nyingi. Katika kijiji alichozaliwa huko kwao palikuwa na nyumba ya pombe iliyosimama miaka mia nne, na alisafiri na mchoro wa nyumba hiyo kama wengine wanavyosafiri na Biblia. Akaijenga upya Nyakahura, kipimo kwa kipimo.

Nyumba nzima ni kiunzi cha mninga. Nguzo zake zimesimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye mawe, ili mchwa wasipande. Katikati ya ukumbi boriti nyingine, nene kuliko kiuno cha mtu, inakatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na chini yake kuna nguzo moja ya kati inayoibeba pamoja na ghorofa yote ya juu. Hamna msumari wa chuma popote. Kichwa cha kila nguzo kimechongwa ulimi, ulimi ukaingia kwenye tundu la boriti, na kigingi cha mti mgumu kikapigiliwa kupitia vyote viwili. Ghorofa ya juu imetokeza mbele hatua nzima, kama mtu aliyeinama dirishani kusikiliza ya watu. Mlango ni mfupi, hata mfupi wa watu huinama. Ndani kuna jiko la moto lenye upana wa kulaza ng'ombe. Kati ya nguzo na nguzo ukuta umesukwa fito, ukakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi, ukapakwa chokaa. Mbao zenyewe zimepakwa oili chafu mwaka hata mwaka mpaka zikawa nyeusi. Ukitazama kutoka barabarani, mbao nyeusi juu ya chokaa nyeupe ni kama mbavu za ng'ombe aliyekonda kiangazi. Ndiyo maana watu wakapaita Mbavuni.

Anatoli alimpeleka mama yake kuiona mwaka 1975. Mama Zita akaizunguka nyumba yote, mikono nyuma, mpaka akafika mlangoni tena.

"Mzungu amepanda meli siku ngapi kuja kutujengea nyumba ya bibi yangu?" akauliza. "Fito zetu, udongo wetu, samadi yetu. Chake hapa ni nini?"

"Mama, tazama viungo."

"Nimetazama walevi."

Mama Zita alikuwa na haki. Tofauti ya nyumba ile na nyumba yoyote ya Keza ilikuwa unene wa mbao na kilichouzwa ndani yake. Lakini Anatoli alikwisha kutekwa. Aligundua kwamba mafundi wa Bwana Krofti waliandika kila kiungo kwa patasi: mstari mmoja kwa nguzo ya kwanza na tundu lake, miwili kwa ya pili, mitatu kwa ya tatu, ili kila ulimi ujue nyumbani kwake. Akajifunza kuzisoma alama hizo vizuri kuliko alivyosoma barua za ndugu zake. Kigingi kikilegea Nyakahura alikwenda kwa baiskeli, mvua kwa jua. Paa likivuja hapa Keza aliweka ndoo.

Tarehe 14 Oktoba 1978 alifunga ndoa takatifu na Selestina, binti wa Mzee Nizigiyimana, aliyeletwa Ngara akiwa msichana mwaka 1972 na wazazi wake waliokimbia Burundi. Selestina hakudai makubwa. Alimwambia mchumba wake neno moja ambalo wazee wa posa walilisikia na wengine wao wako hapa: "Nyumba moja niliikimbia. Hiyo utakayonijengea isije ikanikimbia mimi."

Akamjengea mwaka 1979. Bwana Krofti alipoondoka mwaka 1962 aliacha stoo nguzo moja ya akiba, pacha wa ile ya kati, imekwisha kuchongwa ulimi kichwani. Mwenye baa wa wakati huo akampa Anatoli iwe zawadi ya arusi. Nyumba ya Selestina ikajengwa kuizunguka nguzo hiyo: boriti juu yake, kenchi za paa juu ya boriti, kuta za fito na udongo pande zote. Anatoli aliipiga kofi nguzo ile mbele ya mkewe akasema, "Hii hapa ndiyo mume. Mimi ni mgeni wake."

Watoto wao watatu walipimwa kwenye nguzo hiyo kila Krismasi baada ya misa. Baba alishika patasi, akakata alama kimo cha kila mmoja kilipofika. Restuta, wa kwanza, mstari mmoja. Fabrice miwili. Happy, kitindamimba, mitatu. Mwaka fulani Happy alisimama kwa ncha za vidole ili amfikie kaka yake. Baba akamgonga utosini kidogo kwa nyundo yake ya mti. "Shuka," akamwambia. "Seremala hapimi mti uliopanda kiti." Nyumba nzima ikacheka, na Selestina akacheka kuliko wote. Siku hizo zilikuwepo, na ni haki zisemwe.

Restuta alikua, akasomea ualimu, akapangiwa Kibimba. Hakuwahi kukanyaga Mbavuni, wala baa nyingine yoyote. Baba yake alimtania kwamba anaogopa mbao. Akamjibu kwamba haogopi mbao, anaogopa walevi wanaoziegemea.

Siku ya Jumatatu tarehe 11 Aprili 2016, lori lililokuwa likirudi nyuma liliingia kwa kitako ndani ya ukumbi wa Mbavuni, likavunja nguzo ya kati. Anatoli aliitwa. Alifika, na katika muda wa saa mbili na kidogo alikwisha kusimamisha chini ya boriti kubwa kila mrunda aliokuwa nao, na mingine akaazima. Nyumba haikushuka hata unene wa ukucha. Wiston, aliyerithi baa hiyo kwa baba yake, alikuwa akilia pembeni kama aliyefiwa.

"Mzee, tuweke chuma," Wiston akasema. "Rusumo pale wachomeleaji wapo. Kesho kinasimama."

"Chuma ndani ya nyumba hii? Heri ianguke."

"Basi mninga."

"Mninga mbichi utasinyaa, kigingi kitalegea. Unatakiwa mkavu. Mkavu wa unene ule hauko sokoni, na kibali cha kukata ni miezi."

"Sasa?"

Anatoli alikwisha kujua mninga mkavu wa unene ule uko wapi, tena wenye ulimi tayari.

Ijumaa tarehe 15 Aprili ilikuwa siku ya gulio. Keza nzima ilikuwa sokoni. Anatoli alikuja na pikapu na wanaume wawili wa Nyakahura, akamkuta mkewe peke yake akichambua maharage. Maneno yaliyopita kati yao aliyaeleza mwenyewe kwa kinywa chake mwaka huu, na yanaandikwa kama alivyoyasema.

"Mama Restuta, naazima nguzo."

"Nguzo ipi?"

Akamwonyesha. Selestina akaangalia juu kwenye boriti, akaangalia chini.

"Na nyumba inabaki imeshikwa na nini?"

"Na kuta. Siku tatu tu. Jumatatu naleta nyingine."

"Mirunda je?"

"Mirunda yote iko Mbavuni."

Selestina akasema, "Unawafundisha vijana nini kuhusu mirunda?"

"Nyumba hii niliijenga mimi. Inanijua."

"Haya," akasema Selestina. "Wewe ndiye fundi."

Mti wa mkaratusi wa kuegemeza ulikuwepo shambani kwake mwenyewe, hatua sitini kutoka mlangoni. Ilikuwa kuukata, kuuchukua na kuukaza kwa kabari. Hakufanya hivyo. Alikuwa na haraka, na wale wanaume wawili walikuwa wakipiga honi.

Mvua ilianza Jumamosi jioni, haikukatika. Jumapili tarehe 17 Aprili, saa nne asubuhi, watu wakiwa kanisani, Selestina alibaki nyumbani kuhamisha maharage yaliyokuwa yakilowa. Ukuta wa nyuma ulijaa maji, ukalegea, boriti ikakosa pa kukaa, ikashuka. Jirani yake, Mama Nimpaye, aliyebaki nyumbani kwa homa, alisikia kishindo akaja mbio kwa mikono mitupu. Alimfukua Selestina akiwa hai, uti wa mgongo umevunjika. Saa hiyo hiyo, huko Nyakahura, Mzee Anatoli alikuwa akipigilia kigingi cha mwisho kwenye nguzo ya kati, na wanywaji wakampigia makofi.

Watoto walipofika waliuliza nguzo iko wapi. Baba akasema ililiwa na mchwa, akaitoa ili abadilishe, mvua ikamwahi. Walimwamini, nani asingemwamini fundi juu ya mbao? Selestina alilala miezi kumi na mmoja kwa Restuta huko Kibimba. Restuta alimgeuza, akamwosha, akamlisha, akaenda kufundisha, akarudi kumgeuza tena. Alimwuliza mama yake mara moja tu.

"Mama, kweli ilikuwa mchwa?"

"Mchwa," Selestina akasema. "Niwekee mto vizuri."

Alifariki tarehe 21 Machi 2017, Jumanne. Watu husema alimsitiri mumewe, na husema kwa sauti ya kusifu. Familia haisifu. Uongo wa mgonjwa ni uongo. Ulimwacha mwenye kosa akalala usingizi miaka minane.

Mzee Anatoli aliendelea na Mbavuni hadi mwaka 2019 kifua kilipomkataza. Vumbi la mbao la miaka hamsini lilikuwa limemkaa mapafuni. Alihamia kwa Fabrice, anayefanya kazi kwa wakala wa forodha huko Rusumo. Februari mwaka huu hali ikawa mbaya, akalazwa hospitalini Ngara, akaruhusiwa, akalazwa tena mwezi Aprili. Kitandani akaanza kuulizia patasi yake kubwa aliyoiacha Mbavuni. Fabrice alikuwa kazini, Happy anaishi Mwanza. Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, Restuta, akiwa na miaka arobaini na mitano, akainama akaingia baa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Palikuwa mchana. Mhudumu, msichana aitwaye Josiane, alikwenda stoo kutafuta patasi. Restuta hakutaka kukaa. Alisimama katikati ya ukumbi, akaweka mkono kwenye nguzo ili asiegemee kaunta. Vidole vyake vikagusa mchongo. Akatazama. Mstari mmoja. Chini kidogo, mstari mmoja tena. Miwili. Mitatu, chini kabisa, usawa wa paja lake, kimo cha Happy alipojifunza kusimama.

Josiane alirudi na patasi, akamkuta ameinama.

"Ah, hizo, mama? Wateja wanasema ni za yule Mwingereza. Alikuwa anahesabia chupa."

Mlevi mmoja dirishani akadakia, "Ile ya juu ndiyo siku aliyoanguka!" Wenzake wakacheka.

Restuta alipima kwa kiganja mstari wake wa mwaka aliokuwa na miaka saba. Ulimfika kifuani. Palikuwa na duara la unyevu juu yake, mahali mtu alipobandika chupa na kuiburuta. Alichukua patasi, akasema asante, akatoka bila kukumbuka kuinama. Kovu la paji lake la uso mnaloliona leo ni la boriti ya mlango ule.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, alikwenda hospitalini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea patasi?"

"Nimeileta. Baba, nguzo ya nyumbani ilikwenda wapi?"

"Si nilisema? Mchwa."

"Mchwa wa Keza wana gari la kwenda Mbavuni?"

Mzee akageuza uso ukutani. Restuta hakuondoka. Alivuta kiti akakaa, kama anavyokaa darasani mbele ya mwanafunzi anayejua jibu. Chakula kikaletwa, kikapoa. Ndipo mzee akaanza kusema, naye akasema yote, kuanzia lori mpaka honi.

"Nyumba ile ingeanguka," akamaliza. "Ina watu ndani."

"Na ya kwetu ilikuwa na nini ndani?"

"Nilijua itasimama siku tatu."

"Ulijua, au ulitaka?"

Mzee akaisukuma sahani pembeni.

"Mti mmoja wa mkaratusi, baba. Hatua sitini."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya bia."

"Haraka ya nyumba, Restuta. Mimi bia sinywi, unajua."

Ni kweli, hakuwahi kunywa, na wapo wanaolitaja jambo hilo kama sifa. Mlevi angalau angekuwa na la kusingizia. Mzee Anatoli alifanya aliyoyafanya akiwa na akili timamu na mkono usiotetemeka, kwa kupenda mbao zilizokaa sawasawa. Kupenda huko kulimpofusha kuliko pombe ilivyowapofusha waliokaa chini ya mbao hizo.

Restuta alikwenda kwa Wiston akadai nguzo irudi Keza. Wiston alimkaribisha kiti, hakukaa.

"Dada, pole kwanza, sikujua," Wiston akasema, na huenda ni kweli. "Lakini nikiitoa hiyo, jengo linakaa chini. Na siku hizi wanakuja watu kupiga picha. Hiyo nguzo si ya mtu tena."

"Ina kimo changu."

"Si nimesema pole?"

"Weka mirunda kwanza, ibebe mzigo, ndipo utoe. Fundi wako hakukufundisha?"

"Mzee mwenyewe aseme. Akisema itoke, inatoka."

Kwa hiyo neno likarudi kitandani. Restuta alimwuliza baba yake mbele ya Fabrice na Happy: irudi, au ibaki? Siku ya tatu mzee aliomba karatasi, akachora. Alichora mirunda kumi, akaonyesha kila mmoja ukae wapi na kabari ziingie upande gani. Akaeleza kigingi kipi kitangulie, nani ashike kichwa, nani ashike mguu, na kwamba boriti isikilizwe kwa sikio kabla nguzo haijasogezwa. Alieleza karibu saa nzima, akikohoa kati ya neno na neno. Ramani ile ya mirunda imehifadhiwa. Ni kazi safi. Jina la Selestina halikutajwa ndani ya saa hiyo.

Jumanne tarehe 10 Juni mafundi wawili aliowafunza, wakiwa na ramani hiyo, walifanya kazi Mbavuni. Restuta na Happy walisimama nje barabarani. Mirunda ilipokaa, boriti haikulia. Nguzo ikatoka. Mahali pake Wiston akasimamisha chuma kutoka kwa wachomeleaji wa Rusumo, kile kile alichokuwa amekitaja mwaka 2016, kikapakwa oili chafu, na wanywaji wakarudi ndani siku hiyo hiyo. Aliyeingia jana hakuona tofauti.

Jioni Fabrice alimpelekea baba habari.

"Boriti ililia?" mzee akauliza.

"Haikulia, baba."

"Vema."

Hakuuliza nguzo imefika wapi, wala kilichowekwa mahali pake, na Fabrice kwa huruma hakumwambia habari za chuma. Mzee Anatoli Malongo alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mapafu yakiwa yameshindwa.

Wapo hapa waliokuja na fulana zenye picha ya Mbavuni na jina la marehemu mgongoni. Wapo pia walioomba jeneza lisimamishwe pale dakika chache, alikotumikia, kisha lije Keza. Familia ilikataa. Walioomba waliambiwa sababu, sasa mmeambiwa wote. Fabrice alimsihi dada yake mambo haya yasichapishwe. "Wasifu si mahakama, dada," alisema. Restuta akamjibu, "Wala si tangazo la baa." Wakakubaliana yasomwe kama yalivyotokea.

Nguzo mnayoiona imesimama kichwani pa kaburi la Selestina, jirani na kaburi jipya, ndiyo hiyo. Imesimikwa juu ya mawe. Alama zake hazikufutwa. Mkitaka kuzigusa, guseni, msiegemee.

Marehemu ameacha watoto watatu, Restuta, Fabrice na Happy, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, dada yake Anjelika na mdogo wake Anastazi, na mafundi kumi na saba aliowafunza, ambao familia inawaomba waishike kanuni yake majumbani mwao kwanza. Mungu anayepima kwa timazi isiyopinda ampokee, na pumziko ambalo mkewe alilingoja miezi kumi na mmoja na yeye alipate.

Siku ile ya Jumanne Happy aliangalia saa. Kusimamisha mirunda kumi chini ya boriti kubwa ya Mbavuni kulichukua saa mbili na robo. Chini ya boriti ndogo ya Keza mti mmoja ungetosha, na kazi yake ni chini ya nusu saa. Nusu saa hiyo Mzee Anatoli hakuitoa tarehe 15 Aprili 2016, na iligharimu uhai wa Selestina.